Nichukue mkopo wa SACCO nijenge ushago ama niuze ploti ya Kamulu? Naomba ushauri wa haraka

Nyuki_wa_Umoja (mwenye uzi)
Habari zenu wasee. Niko Nairobi tangu 2003, nakaa Umoja, kazi yangu ni ya stoo huku Inda. Nimeoa, watoto watatu, mkubwa yuko fomu tatu. Sasa shida ni hii, nyumbani Ugenya sina nyumba. Nilikuwa na simba, ile nyumba ndogo ya kijana, mvua ikaiangusha nikasema nitajenga pole pole, miaka ikaenda hivyo hivyo. Nina 44 na mimi ndiye kifungua mimba kwetu. Nataka nyumba iishe kabla ya Desemba, vyumba viwili na sebule, mabati geji 30, hakuna mbwembwe. Fundi amenipigia hesabu ya laki nane na nusu. SACCO wako tayari kunipa laki nane nilipe kwa miaka minne, ama niuze ile ploti ya hamsini kwa mia ya Kamulu tulinunua na mama watoto. Njia gani haina hasara sana? Wale wa kuniambia nijipange kwanza wapite tu, nimejipanga.

KondaMstaafu
Ploti usiuze. Mimi niliuza yangu ya Ruai kabla lami haijafika, siku hizi nikipita hapo naangalia dirisha la upande ule mwingine. Halafu hiyo nyumba ya ushago utalala usiku ngapi kwa mwaka? Mimi nilijenga Murang'a, nyumba safi ya mawe, wapangaji ni popo na binamu mmoja anayekunywa.

Shosho_Digital
Konda usimvunje moyo. Mwanangu kujenga nyumbani ni heshima. Vijana wa leo wanajengea landilodi wa Nairobi miaka ishirini halafu wakirudi nyumbani wanalala kwa mama yao na mke. Jenga. Mkopo utaisha, Mungu atafungua njia.

Mpita_Njia
Swali dogo tu. Umekaa Nairobi tangu 2003 bila nyumba ushago na hukulia. Leo lazima iishe kabla ya Desemba. Kuna harusi? Unasimama MCA?

Nyuki_wa_Umoja
Hakuna harusi. Ni malengo tu ya mwaka. Naomba tukae kwa mada, mkopo ama ploti.

Kijana_wa_Hesabu
Laki nane miaka minne, kwanza uliza kama riba ni ya salio linalopungua ama ni ya pesa yote tangu mwanzo, hapo ndio watu huumia. Pili payslipu yako isibaki na hewa. Mimi nilichukua ya kununua gari la Uber nikawa nafanyia kazi SACCO na petroli, mimi mwenyewe nakula kwa dada yangu. Hiyo gari iliisha kwa mnada lakini hiyo ni stori ndefu, kuna siku nitaifungulia uzi wake.

JaberWaDunga
Omera, mimi ni wa upande huo huo wa ziwa kwa hivyo tusizungushane. Mwanaume wa 44 akianza kukimbiza nyumba namna hii kuna matanga ametoka. Nani amekufa?

Nyuki_wa_Umoja
Sawa. Agosti tulizika kaka yangu mkubwa. Alikuwa Dandora, alikuwa na pesa kiasi, gari, watoto wako shule nzuri, lakini nyumbani hakuwa amejenga. Sasa wale wanajua mila yetu Wajaluo wanajua, mtu mzima hawezi kutoka mochari alale kwa boma bila nyumba yake. Mwili uko njiani, gari limeshapita Kericho, ndio vijana wanatumwa sokoni kununua mabati. Walisimamisha kibanda mchana mmoja. Nguzo za mti mbichi, bado zinatoa maji. Mlango hakuna, wametundika leso ya shangazi. Usiku upepo ukaja, kuna bati moja upande wa nyuma halikushikwa vizuri misumari likawa linapiga pa, pa, pa, mpaka asubuhi, na jeneza liko hapo mbele, na hakuna mtu aliinuka kulipigilia. Nikasikia wamama wa kwaya wanacheka kwa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu mabati, yalikuwa kumi na mbili. Mtu wa miaka 49. Kwa hivyo mniambie tena mambo ya popo.

Shosho_Digital
Pole sana mwanangu. Mungu awafariji.

KondaMstaafu
Pole msee. Popo nimewaondoa kwa mjadala.

Sista_wa_Wodi
Pole kwa msiba. Na wewe mwenyewe afya iko aje? Nauliza tu juu nimeona watu wengi wakitoka kuzika ndugu wanakimbilia vitu vingi isipokuwa kupimwa.

Nyuki_wa_Umoja
Afya iko sawa.

Nyuki_wa_Umoja
Kuna kauvimbe tu hapa kwa shingo, hakaumi. Nilienda hospitali moja hapa mjini kitambo kidogo, wakadunga sindano wakatoa maji maji ya kupeleka maabara. Majibu yalishatoka, walinipigia. Sijapata nafasi ya kuyachukua juu ya kazi na haya mambo ya nyumba. Lakini hiyo si mada.

Mpita_Njia
HIYO SI MADA 😂😂 Bwana, hiyo ndiyo mada. Hiyo ya mabati ndio si mada.

Sista_wa_Wodi
Sasa nisikilize. Uvimbe kwa shingo una sababu nyingi. Inaweza kuwa TB ya tezi, hiyo tunaiona sana, dawa ni miezi sita na kwa hospitali za serikali dawa za TB hulipii. Inaweza kuwa goita. Inaweza kuwa jino bovu limepeleka uchafu kwa tezi. Na ndio, saratani pia iko kwa hiyo orodha, sitakudanganya, na hata hapo ziko zinazotibika vizuri zikipatikana mapema. Zote hizo nne hazijali kama umejenga. Karatasi yako iko kwa droo ya mtu. Ichukue.

Nyuki_wa_Umoja
Sista nashukuru. Lakini elewa, nikichukua hiyo karatasi na ikuwe ile mbaya, pesa yote itaenda hospitali na nyumba haitajengwa. Kaka yangu hivyo ndivyo ilikuwa, waliuza mpaka gari, akafa vile vile, na bado akalala kwa kibanda. Nikijenga kwanza, hata majibu yakuwe gani, hiyo moja nimemaliza. Nadhani mtu akifikiria vizuri ataona niko na pointi.

JaberWaDunga
Pointi uko nayo, na mimi sitakucheka. Baba yangu alifanya hivyo hivyo. Alipewa rufaa aende Kenyatta, nauli tukachanga, akanunua simiti. Aliishi miaka kumi na moja baada ya hapo, nyumba ikaanza kuvuja kabla yake. Sasa sijui nikitoa hii stori inakusaidia wewe ama Sista.

Sista_wa_Wodi
Jaber hainisaidii 🙄

Msomi_wa_Kahawa_West
Hii kitu imeandikwa sana kwa saikolojia. Kuna jamaa aliitwa Ernest Becker, Mmarekani, alifariki 1974, alisema vitu vingi sana tunafanya, kujenga, kutafuta jina, kuzaa, dini, siasa, chini yake ni uoga wa kufa, tunataka kuacha kitu ambacho hakitaoza. Baadaye watafiti wengine waliofuata mawazo yake wakapima. Kuna jaribio moja lilichapishwa 1989, mahakimu 22 wa Tucson huko Arizona walipewa kesi ya kahaba waamue dhamana. Nusu yao waliulizwa kwanza waandike kuhusu kifo chao wenyewe. Waliokumbushwa kifo waliweka dhamana ya wastani wa dola 455, wale wengine dola 50. Yaani ukimkumbusha mtu kwamba atakufa, anang'ang'ania sheria na mila za kwao. Ndio haya ya mtu wetu, ametoka kwa kaburi ameshika mila kwa mikono miwili.

Nyuki_wa_Umoja
Sasa hao mahakimu na mabati yangu wanajuana wapi.

Kijana_wa_Hesabu
Na Msomi umalizie stori. Moja ya majaribio maarufu ya hao jamaa ilirudiwa na maabara nyingi kwa pamoja juzi juzi, matokeo yakakataa kutokea. Usimpe mtu mgonjwa theori ambayo yenyewe iko ICU.

Msomi_wa_Kahawa_West
Sikusema ni msahafu. Lakini angalia tu Nairobi. Mtu haendi kupima presha na analipa chama cha mazishi kila mwezi bila kukosa hata mara moja. Bima ya maisha ukimuuzia anasema unamtabiria mabaya. Wosia ukimtajia ndio kabisa, anaona umemchimbia shimo.

Wakili_Mtarajiwa
Juu ya wosia umenigusa. Lakini tuanze na ploti. Kama mliinunua mkiwa ndani ya ndoa, na mlichanga wote, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka mke akubali kabla uuze. Je mama watoto anajua?

Nyuki_wa_Umoja
Anajua nataka kujenga.

Wakili_Mtarajiwa
Nimeuliza kuhusu ploti. Na uvimbe.

Nyuki_wa_Umoja
Hizo mbili bado sijamwambia. Yeye ni mtu wa wasiwasi. Alafu pia niseme ukweli, fundi nimeshampa laki moja na nusu na matofali yameshushwa. Msingi wanachimba Jumatatu. Kwa hivyo swali si nijenge ama nisijenge.

Mpita_Njia
Karo ya fomu tatu ya muhula huu ililipwa?

Nyuki_wa_Umoja
Italipwa.

Shosho_Digital
Yesu wangu.

Wakili_Mtarajiwa
Basi hata mkopo uangalie. SACCO nyingi hukatia mkopo bima, mkopaji akifa bima inalipa salio. Ile fomu inaweza kukuuliza afya. Ukiandika hauna kitu na baadaye ionekane ulikuwa umeshapimwa, bima inaweza kukataa, na hapo wadhamini wako ndio watakatwa. Wadhamini ni nani?

Nyuki_wa_Umoja
Vijana wawili wa hapa stoo, na shemeji.

KondaMstaafu
Yaani shemeji anadhamini kaburi bila kujua. Hii ni noma.

Wakili_Mtarajiwa
Na kitu kimoja zaidi, juu watu hudhani wakishapanga mazishi yao imeisha. S.M. Otieno alikuwa wakili mkubwa hapa Nairobi, alifariki Desemba 1986, mkewe Wambui akasema mzee alitaka azikwe shamba lao la Upper Matasia kule Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukaenda kortini, wanataka azikwe kwao. Miezi mitano mwili uko mochari. Mwisho Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Siaya. Kile marehemu alitaka hakikumaliza kesi. Walio hai ndio huamua, na walio hai wako ni huyo mama hujamwambia kitu. Ongea naye ukiwa na mdomo.

Detektivu_Rongai
Samahani, nimesoma uzi wote tangu juu na kuna kitu inanuka. Huyu jamaa posti ya kwanza alisema ni kifungua mimba. Posti ya Agosti anazika "kaka yangu mkubwa". Kifungua mimba anatoa wapi kaka mkubwa? Nguzo zinatoa maji, leso ya shangazi, bati linapiga pa pa pa, hiyo ni insha jamani. Huyu anatafuta stori ya kupeleka YouTube. Mwaka jana tulichangia mtu wa figo hapa akawa ni kijana wa hosteli.

Mpita_Njia
Weee. Hata mimi hiyo leso ilinishinda.

KondaMstaafu
Mimi nilituma mia tatu ya hiyo figo. Admini tafadhali.

JaberWaDunga
Detektivu, mtoto wa baba mkubwa kwetu ni kaka. Hatusemi binamu, hiyo ni ya runinga. Yeye ni kifungua mimba kwa mama yake na bado ana kaka mkubwa kwa boma. Nyinyi wa Rongai hamna baba wakubwa?

Detektivu_Rongai
Sawa hiyo nimekubali. Basi aweke picha. Si ya shingo, matofali.

Nyuki_wa_Umoja
Sijaomba mtu pesa tangu nifungue uzi, rudini juu msome. Niliuliza mkopo ama ploti, haya mengine mmenitoa nyinyi. Picha hii hapa fundi ametuma leo asubuhi.

MjenziWaKasarani
Nimeikuza hiyo picha. Bosi, hayo matofali upande wa kushoto hayajaiva. Rangi ni ya udongo bado, yamewekwa nje ya tanuru ama kuni ziliisha. Chukua moja gonganisha na lingine, likitoa mlio mzito wa tope rudisha. Mvua mbili tu hiyo kona itaanza kumomonyoka.

KondaMstaafu
Kweli kabisa, nimeona pia. Ya kushoto ni biskuti.

Detektivu_Rongai
Haya, matofali ni ya kweli. Pole Nyuki. Lakini fundi wako ni mwizi.

Nyuki_wa_Umoja
Ni shemeji wa fundi ndiye anachoma. Nitampigia. Nikirudisha hizo za kushoto msingi hauwezi kuanza Jumatatu.

Sista_wa_Wodi
Kama Jumatatu haiwezekani basi wiki hiyo uko na nafasi. Ofu yako ni lini?

Nyuki_wa_Umoja
Alhamisi. Sijasema nitaenda.

Sista_wa_Wodi
Mimi pia sijasema. Maabara wengi hutoa majibu kuanzia asubuhi, beba kitambulisho na ile risiti ya siku ya kwanza, na usisomee kwa matatu, ingia kwa dokta nayo.

Shosho_Digital
Na umwambie mama watoto, aende na wewe. Wasiwasi wake ni wake, usimbebee.

MjenziWaKasarani
Na huyo fundi usimlipe yote kabla hajafika linta, hata kama ni wa kanisa lenu. Mchanga unatoa wapi?