Ushauri: Land Rover 109 ya marehemu baba, niivishe injini ya Toyota au nipambane na ya kwake?

Mtoto_wa_Mjimwema

Habari za jioni wakuu. Mimi ni msomaji wa pembeni tu, leo nimebanwa.

Baba alituachia Land Rover 109 (hizo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), Series III, kadi inasema ya 1978. Pikapu, injini ya petroli ya lita 2.25. Alilinunua mnadani mwaka 1996, akalibebea mbao na nazi mpaka 2011 lilipogoma, akaliegesha chini ya mwembe nyumbani Mjimwema, Kigamboni. Akafariki 2019 likiwa palepale. Kutoka kwenye mwembe ule ukirusha jiwe mara mbili unafika baharini, kwa hiyo mnajua upepo wake. Siku hizi ni kuku ndio wanataga humo, chini ya siti.

Mimi naishi Tabata, kazi ya ofisini. Nafasi yangu ni Jumamosi na Jumapili, na mfukoni nina milioni tano ambazo mke wangu bado anaziita hela ya kiwanja. Ufundi wangu ni wa kushika tochi. Nimemshikia baba tochi tangu nikiwa darasa la pili.

Nimepeleka mafundi wawili. Wa kwanza, wa gereji bubu hapa jirani, hata boneti hakufungua. Akasema toa huo mzigo, weka 3L, ile injini ya dizeli ya Toyota Hiace, utakwenda Tanga kwa mafuta ya kuonja. Wa pili alilizunguka gari mara moja, akaniuliza kama naliuza kwa kilo.

Injini haizunguki kabisa, hata kwa hendeli ya kuizungushia kwa mkono. Mama anasema liacheni lipumzike. Nifanyeje? Nibadili injini au niitafutie dawa hii iliyopo?

Tairi_Kipara

Uza kwa kilo, nunua Probox. Nimemaliza.

Mzee_Kabureta

Mdogo wangu, pole kwa kuondokewa na mzee, hata kama ni siku nyingi.

Umeanza na swali la mwisho. Injini ya gari hilo ndiyo kitu rahisi kuliko vyote. Chukua nyundo ndogo na bisibisi, tandika gunia, ingia chini.

Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, na ndiyo inayowadanganya watu. Mtu anaona milango haina kutu anadhani gari zima. Chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma, tena ni boksi lenye uwazi ndani. Matope na mchanga huingia, matundu ya kutolea maji yanaziba, na kwa hewa ya Mjimwema chesisi huoza kuanzia ndani kuja nje. Rangi ya juu inaweza kuwa nzima kabisa na chini yake pamebaki maganda. Kwa hiyo gonga. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama debe lenye unga. Panapojibu hivyo, sukuma bisibisi kwa nguvu.

Anza na boriti ya mwisho nyuma, ile inayobeba ndoano ya kuvutia. Kisha mikono inayotoka ubavuni mwa chesisi kushika bodi, kisha inapofungwa springi mbele na nyuma, kisha pale chesisi inapopanda juu ya ekseli ya nyuma. Halafu nyanyua mikeka uangalie ukuta wa mbele, sehemu ya kukanyagia miguu. Ule nao ni chuma.

Na popote aluminiamu ilipokutana na chuma utakuta unga mweupe. Metali mbili zikigusana penye chumvi, moja lazima iliwe, na hapo inayoliwa ni aluminiamu. Usiuzibe kwa puti. Fundi rangi atakwambia puti inatosha. Mkatalie.

Injini: toa plagi zote nne. Changanya dizeli na ile oili nyekundu ya gia otomatiki, nusu kwa nusu, mimina vijiko vichache kila silinda, uache. Wiki nzima, si saa mbili. Kila jioni mtu ajaribu hendeli kidogo, mbele na nyuma, bila kupigania. Usimruhusu mtu alivute gari kwa lori likiwa kwenye gia ili "kulishtua". Hapo ndipo ringi zinavunjika na konrodi zinapinda, kisha mtu anasema injini ilikuwa mbovu.

Tuletee majibu ya nyundo, ndipo tuongee habari za Toyota.

Dada_Spana

Naheshimu alichosema mzee hapo juu, ila niseme na upande wa pili, maana kaka yangu alifanya hiyo kazi ya 3L kwenye 109 yake na mimi ndiye niliyekuwa nahesabu risiti.

Gari linatembea. Anabebea mchanga na tofali Chanika na halijamlaza njiani. Kwenye mafuta, fundi wako hajadanganya. Ila hakukuhesabia vingine. Sahani ya kuunganisha injini na gia boksi ilibidi ichongeshwe kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, ikarudi mara mbili kwa sababu katikati haikukaa sawa, na klachi ikawa inatetemeka. Vikalio vya injini vikachomelewa upya. Rejeta ikahamishwa, bomba la ekzosi likatengenezwa jipya. Difu ilibaki ileile ya 4.7, uwiano wa mwendo wa polepole, kwa hiyo Tanga utafika, ila usitegemee gari limekuwa Prado. Gia boksi ilitengenezwa kubeba injini ya farasi kama 70. Ya kaka ilianza kuruka gia ya pili kabla mwaka haujaisha.

Na breki! Ni dramu mbele na nyuma, na nyingi zina njia moja tu ya mafuta. Hosi moja ikipasuka, pedali inashuka mpaka chini na magurudumu yote manne hayana kitu. Ukiongeza nguvu ya injini bila kugusa breki umejitengenezea msiba.

Kama unataka gari la kazi, badili. Kama ni gari la baba, sioni faida.

Hati_na_Mihuri

Mnagonga nyundo mali ya nani? Kadi ina jina la marehemu. Mirathi ilifunguliwa? Msimamizi ni nani? Nimeona familia ikigawanyika kwa sababu ya trekta bovu, ndugu mmoja alilifufua kwa hela yake, siku lilipowaka wakatokea warithi sita ambao hawakujua hata lilikuwa limeegeshwa wapi.

Pata hati ya usimamizi kutoka mahakamani, ndugu wakubaliane kwa maandishi kwamba gari ni lako, kisha ubadilishe umiliki TRA, mamlaka ya mapato. Na ukibadili injini, namba ya injini kwenye kadi nayo lazima irekebishwe, la sivyo siku ya kukaguliwa namba hazisomani na unaanza kueleza mambo barabarani.

Plagi utanunua baadaye.

Tairi_Kipara

Probox haina mirathi.

Mtoto_wa_Mjimwema

Wakuu, nimerudi. Zimepita wiki mbili na ushei.

Mirathi: msimamizi ni dada yetu mkubwa, hati ipo. Tumekaa wote wanne kwa mama, wakasaini. Kaka anayenifuata aliuliza kama likiwaka atapewa siku ya harusi yake. Tumeandika na hilo.

Nyundo: mbele kote kunalia vizuri. Panapofungwa springi panalia, nimegonga mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Boriti ya nyuma imekwisha, bisibisi iliingia mpaka kwenye mpini na ukamwagika mchanga wa pwani kama nimetoboa kiroba. Mkono mmoja wa ubavuni, kushoto, una tundu la kuingiza ngumi. Sehemu ya miguu upande wa dereva naona barabara.

Injini: nilimimina kama mlivyosema. Jumamosi ya kwanza hakuna kitu. Nikamwachia mpwa wangu hendeli awe anajaribu kila jioni. Siku ya tisa alinipigia simu anapiga kelele sikumwelewa. Imesogea! Robo mzunguko, kisha nusu. Nilipofika ilikuwa inazunguka yote, nzito lakini laini. Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni, hakusema kitu, akarudi ndani.

Tenki bado sijaligusa. Lipo chini ya siti, na juu yake ndiko kuku aliko.

Sasa nipeni hatua.

Mzee_Kabureta

Hongera. Umeona sasa? Jamaa alikuwa anaitupa injini nzima.

Usiiwashe bado. Najua mkono unawasha. Mwaga oili yote, utakuta na maji chini, weka oili mpya ya 20W50 na filta. Plagi zikiwa bado nje, izungushe kwa stata mpaka taa ya oili izime. Hapo pampu imevuta na beringi zimelowa. Watu wanaiwasha kavu, baada ya dakika tano inagonga, wanamlaumu Mwingereza.

Petroli ya 2011 si petroli tena, ni gundi. Tenki ling'olewe, lioshwe, likaguliwe kutu. Kwa kuanzia tumia kidumu cha pembeni. Kabureta ifunguliwe yote, jeti zipulizwe kwa upepo, usizichokonoe kwa waya. Filta ya hewa ya hilo gari ni ya kuogea oili, kwa hiyo usitafute ya karatasi. Ioshe kwa dizeli, jaza oili mpya mpaka kwenye alama.

Pointi za distribyuta zisafishwe kwa msasa laini, uwazi wake uwe milimita 0.35 mpaka 0.40. Uwazi wa valvu 0.25 zote, za kuingiza na za kutoa. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2. Iandike kwa chaki ndani ya boneti, maana fundi akija na haraka atachanganya waya, utatafuta ugonjwa usiokuwepo. Ikikohoa na kila kitu kiko sawa, badili kondensa ya distribyuta kabla hujabadili kingine.

Boriti ya nyuma usikubali kiraka. Bati likichomelewa juu ya kutu linaficha tu, kutu inaendelea na kazi yake. Ikatwe mpaka kwenye chuma kizima, ikunjwe mpya kwa pleti ya milimita tatu, na kabla ya kukata apime pembe kwa pembe aandike vipimo, gari lisije likatembea upande kama kaa. Waya za betri na za altaneta zichomolewe kabla moto haujawashwa. Tenki liwe nje, tena mbali. Kazi ikiisha, pulizia oili chafu ndani ya boksi la chesisi kupitia matundu. Si ya kupendeza, ila kwa pwani yetu inasaidia.

Mpiga_Debe_Mstaafu

Kwenye spea: zunguka Gerezani na Kariakoo kwanza, kisha Shauri Moyo kwa vilivyotumika. Usiende na jina, nenda na kitu chenyewe mkononi. Ukisema tu "wili silinda ya Land Rover", ile ya breki za gurudumuni, utapewa ya Defender, Land Rover ya baadaye, utaijua umeshafika Kigamboni. Zikikosekana, ulizia Arusha, kule hizi gari bado zina wenyewe. Mliona lile tamasha la Oktoba 2024 lilivyojaa.

Raba zote za breki badilisha, na hosi zote. Usihesabu ipi bado nzuri. Na asikutilie mtu oili ya injini kwenye breki eti mafuta ya breki yameisha dukani. Raba zinavimba, breki zinakamata, utalia.

Tairi nazo: angalia tarakimu nne za mwisho ubavuni baada ya herufi DOT. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zikiwa za mzee ni za kusukumia gari kutoka chini ya mwembe, basi. Hata kama kashata, yale meno ya tairi, zimejaa.

Mtoto_wa_Mjimwema

Nimeelewa. Habari ya 3L nimeifunga. Hela ya kwanza inakwenda kwenye boriti na breki, injini itasubiri zamu yake. Mke wangu kauliza breki za gari lisilotembea ni za nini, sikuwa na jibu zuri.

Kuna fundi wa kuchomelea anayeaminika upande huu wa Kigamboni? Mashine ya umeme ninayo ya kukodi, nyumba ina umeme. Sitaki kulivusha kwenye pantoni likiwa halina breki.

Dada_Spana

Kuna kijana Kibada, aliichomelea ya kaka. Taratibu sana, ila anapima. Nakutumia namba pembeni.

Mzee_Kabureta

Jumamosi nina safari ya huko, nitapita nisimame naye wakati anakata. Andaeni chai ya tangawizi. Na kuku mhamishe mapema, hapo kutakuwa na cheche.

Mtoto_wa_Mjimwema

Karibu sana mzee. Kuku nilishamhamishia kwenye tenga juzi. Leo asubuhi nimemkuta chini ya siti, na yai lipo.