Naombeni ushauri: nakusanya maoni ya nembo na kauli mbiu mpya ya chuo, watu hawafunguki kabisa

Kusi la Asubuhi:
Wakuu habari za muda huu, poleni na majukumu. Mi ni mwalimu kwenye chuo kimoja cha kati cha binafsi hapa Mtwara mjini, jina naomba niliache. Uongozi unataka chuo kiwe na utambulisho mpya, yaani nembo, kauli mbiu, rangi, mpaka namna tunavyojieleza kwa wazazi, na mimi ndo nimepewa kamati ya kushirikisha jumuiya nzima, wanafunzi, walimu, wapishi, walinzi na waliohitimu. Nimebandika matangazo, nimetuma fomu kwenye magrupu ya wasapu, nimeitisha mkutano bwaloni, waliokuja wakakaa kimya wananitazama. Fomu zinarudi mtu kaandika "sawa" basi. Mahafali yanakaribia, ripoti inasubiriwa, usingizi sipati. Nifanyeje watu wafunguke? Wenye uzoefu wa haya mambo ya brandi nisaidieni.

Korosho Ghafi:
Mkuu mkutano bila kitafunwa Mtwara hii nani aje? Chemsha ming'oko, vile viazi pori vyetu, sufuria moja, watatoa maoni mpaka uwafukuze.

Binti Chikongola:
Pole kaka. Achana na fomu kwanza. Mtu huwezi kumwambia "elezea utambulisho wa chuo chako", hata mimi ningeandika "sawa". Muulize vitu vya kawaida: ukifika kwenu Tandahimba shangazi akikuuliza unasoma wapi, unamjibuje? Nini pale chuoni kikiondolewa utaumia? Halafu anza na mlinzi wa getini na mama wa jikoni, mlinzi ndo wa kwanza kuongea na mzazi mgeni na anajua wazazi wanauliza nini. Makundi madogo, dakika chache, we sikiliza tu uandike. Swali langu: mpaka sasa kuna mchoro wowote wa nembo umeshachorwa?

Kusi la Asubuhi:
Asante sana dada, hilo la makundi madogo nimelichukua. @Korosho Ghafi bajeti ya vitafunwa haipo mkuu. Na kuhusu kauli mbiu, nyie mnaonaje, iwe Kiswahili au Kiingereza?

Mmakonde wa Mjini:
Kiswahili bila kuuliza. UDSM wana "Hekima ni Uhuru" toka enzi hizo na hakuna aliyewadharau.

Lindi Kwetu:
Mi niongee la Lindi. Sisi tuna Tendaguru, Wajerumani wamechimba pale kuanzia 1909 mpaka 1913, mifupa ya dinosaria ikabebwa na wapagazi kichwani mpaka bandarini Lindi, leo mjusi yule mkubwa kasimama makumbusho Berlin watu wanalipa kiingilio. Ukizunguka Lindi mjini, shule ngapi zimemweka kwenye nembo? Mi sijaona. Nimesoma huku nikamaliza, mjusi wetu nikaja kumsikia Dodoma kwa mtu wa Kagera, niliumia sana. Kwa hiyo mwalimu ushauri wangu, wekeni kitu cha kwenu.

Binti Chikongola:
Kaka hujajibu swali. Kuna mchoro tayari au hakuna?

Kusi la Asubuhi:
Upo. Naomba msinielewe vibaya. Bodi ilimpa kazi mtaalamu mmoja wa Dar, akachora, bodi ikapenda, na kwa sababu ya muda fulana za wageni na kamati zimeshachapwa, za wanafunzi tumelipa advansi. Ila maoni bado yana nafasi kwenye kuboresha! Nembo yenyewe nzuri tu: globu ya buluu, kofia ya mahafali juu yake, kitabu, na pembeni bibo jekundu, lile tunda la mkorosho, korosho yake imekaa juu kama taji. Na jina tunaongeza "International". Wazazi wa siku hizi wanataka chuo chenye sura ya kimataifa, tukibaki na mambo ya kijijini watoto wote wataenda Dar na Dodoma.

Mwana Newala:
Subiri kwanza. Korosho imekaa JUU ya bibo???

Kusi la Asubuhi:
Ndio, ni ubunifu mkuu, sanaa.

Mwana Newala:
Mwalimu korosho inaning'inia CHINI ya bibo. Bibo ndo linashika kwenye tawi, korosho iko nje mwishoni. Mi nimeokota korosho tangu sijaanza la kwanza, asubuhi kabla ya shule unapita chini ya mikorosho na ndoo, unanyonga, bibo kule korosho huku. Hakuna mtoto wa Newala asiyejua hilo. Huyo mtaalamu alikuwa amekunywa uraka, pombe ya mabibo?

Korosho Ghafi:
Hiyo si uraka ni nipa kabisa, ile gongo ya mabibo 😂😂

Mzee wa Nachingwea:
Vijana msicheke, hili jambo zito. Waingereza walianza mradi wa karanga 1947, wakaja nao mpaka Nachingwea. Uliamuliwa London. Mvua hawakuipima vizuri, udongo hawakuujua, wenyeji waliokuwa wanalima pale miaka yote hawakuulizwa. Trekta zikaja, bandari ya Mtwara ikaanza kujengwa, reli ikatandikwa, na 1951 mradi ukafa. Reli nayo ikaja kung'olewa. Marehemu baba alifanya kazi kwenye mradi ule, alikuwa akisema walikuja kuuliza wakati mashine zimeshaharibika. Ndugu mwalimu, unauliza watu wakati fulana ziko kwenye maboksi. Kumshirikisha mtu ni kabla.

Afisa Mstaafu:
Nami niongeze la jina. Jina lililosajiliwa NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, halibadilishwi kwa fulana, lazima muombe huko. Wanafunzi waliopo cheti chao kitatoka na jina gani? Na nembo mkitaka ilindwe mkasajili alama BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara. Bodi yenu imefika huko?

Kusi la Asubuhi:
Hayo ya jina yapo kwenye mchakato mzee wangu.

Taa ya Mikindani:
Wakuu mbona mnajisumbua, hii CHAI. ID mpya, chuo hakina jina, bodi nzima ya watu wa Mtwara isijue korosho inakaa wapi? Katunga huyu. Mods futeni.

Mmakonde wa Mjini:
Hata mi nilianza kunusa. Mwalimu weka picha ya hiyo fulana.

Kusi la Asubuhi:
Siwezi kuweka picha, nitajulikana na kazi ndo hii hii. Anayeamini aamini.

Taa ya Mikindani:
Nilijua tu. Uzi ufungwe.

Mwaka wa Pili:
Samahani wakubwa, si chai. Mi nasoma hapo, fomu nimejaza. Mwalimu shikamoo. Fomu ina swali moja, chagua A au B, na zote nembo ile ile, moja buluu moja kijani. Ndo maana tuliandika "sawa". Na kwenye mkutano, mkuu wa chuo alikaa meza ya mbele na walimu wa nidhamu, nani anyooshe mkono? Mama wa jikoni yeye alishasema ile korosho imegeuzwa, tena kwa sauti, aliambiwa aendelee na ugali.

Binti Chikongola:
Haya, mdogo wangu, na mkiulizwa mnasoma wapi mnasemaje?

Mwaka wa Pili:
Tunasema Mkoroshoni. Kuna mikorosho nyuma ya maktaba, ndo tunapojisomea, tunapofarijiana mtu akifeli, hata waliomaliza wakija mjini wanapita kukaa pale. Tulisikia inakatwa pajengwe geti jipya lenye globu, hilo ndo linatuuma.

Taa ya Mikindani:
Duh. Basi nafuta kauli.

Kusi la Asubuhi:
Marahaba. Lakini jamani Mkoroshoni ni jina la mtaani, siwezi kupeleka hilo kwa bodi. Na la kukata bado halijaamuliwa rasmi.

Afisa Mstaafu:
Jina la usajili libaki lilivyo. Kauli mbiu na nembo vinaweza kutoka hapo hapo walipo. Fulana za wanafunzi zimeshaingia mashineni?

Kusi la Asubuhi:
Bado, mchapaji anasubiri idadi.

Binti Chikongola:
Basi usimpe idadi. Mpigie leo asimame, na ripoti yako ianze na mama wa jikoni alichosema.

Kusi la Asubuhi:
Bodi itasema nimewahujumu.

Mzee wa Nachingwea:
Waambie wakutane na wakulima wa Newala siku ya mahafali wakiwa wamevaa hizo fulana. Watakuelewa.

Mwaka wa Pili:
Mwalimu njoo saa kumi baada ya vipindi, tutakuwa pale nyuma ya maktaba. Ila njoo peke yako.