Naomba ushauri: dashibodi ya takwimu za maji kwa wapanga sera, nianzie wapi?

Mchora_Chati:
Wakuu, habari zenu. Nimekabidhiwa kazi ya kutengeneza dashibodi ya wapanga sera ya maji: wapi pachimbwe kisima, mabomba gani yakarabatiwe, nani apewe kibali cha umwagiliaji na kwa kiasi gani. Takwimu ninazo tele: mvua, mtiririko wa mito, kina cha visima, uzalishaji, ankara, vipimo vya ubora. Rasimu ina ramani katikati na chati zimeizunguka pande zote. Imejaa mno. Nini kibaki ukurasa wa mbele? Na nipange kwa mipaka ya kiutawala au kwa bonde la mto?

Fundi_Takwimu:
Mkuu, takwimu ziweke pembeni kwanza. Kaa na watakaoitumia, uwaulize wanaamua nini, lini, na ni kitu gani kingewafanya wabadili uamuzi. Chati isiyogusa uamuzi wowote haina kazi ukurasa wa mbele.

Chukulia mji unaolia maji hayatoshi, na mpangaji anaomba fedha za kisima kipya. Kama katika kila lita 100 zinazozalishwa ni 60 tu zinazolipishwa, zile 40 nyingi zimevuja, zimeibwa au zimepita kwenye mita mbovu. Weka upotevu huo na gharama ya kisima kwenye skrini moja, uone swali linavyogeuka: tuchimbe, au tuzibe kwanza? Ukiviweka kurasa mbili tofauti, hakuna atakayeviunganisha kikaoni.

Mipaka, weka yote miwili na kitufe cha kubadilisha. Maji hufuata bonde, bajeti hufuata utawala.

Mto_na_Kiangazi:
Naomba sana, usiweke wastani wa mwaka peke yake. Mto unaweza kuonekana una maji ya kutosha mwaka mzima kumbe kiangazi umebaki mchanga, kwa sababu mafuriko ya msimu wa mvua yamebeba hesabu yote. Onyesha mwezi kwa mwezi.

Kwenye msongo wa maji, fuata kiashiria 6.4.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu: maji yanayochukuliwa, gawanya kwa maji yanayojirudisha (yale yanayojazwa upya na mvua na mito) baada ya kutoa mahitaji ya mazingira, yaani maji ya kuachiwa mto na viumbe wake. Chini ya asilimia 25 hakuna msongo. Ikivuka 100 hali ni mbaya sana. Watu husahau kutoa fungu la mazingira, na namba inatoka nzuri kuliko hali halisi.

Tenganisha pia maji yanayochukuliwa na yale yasiyorudi. Kilimo duniani huchukua takriban asilimia 70 ya maji baridi (yasiyo ya chumvi) yanayochukuliwa, na sehemu kubwa huishia hewani. Mtambo wa umeme unaopoza mashine kwa maji ya mto unaweza kurudisha karibu yote. Ukivichanganya, kibali atanyimwa asiyestahili kunyimwa.

Jicho_la_Tatu:
Rangi: nyekundu na kijani zisibebe maana peke yake, wenye upofu wa rangi hawazitofautishi. Buluu na chungwa zinasomeka vizuri. Pasipo na kipimo pasiwe sifuri, wala pasiachwe na rangi ya "salama". Paka mistari ya kijivu, andika "hakuna kipimo". Kisima ambacho hakijapimwa floridi (madini yanayoyeyuka majini) hatujui kama kiko chini ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha miligramu 1.5 kwa lita, na anayepanga bajeti ya maabara anahitaji kuliona pengo hilo.

Mchora_Chati:
Asanteni sana, nimepata pa kushika. Je, kwa huduma, "asilimia ya watu wenye maji" inatosha?

Fundi_Takwimu:
Haitoshi kabisa. Tumia ngazi za WHO na UNICEF. Huduma ya msingi ni chanzo kilichoboreshwa (kilichojengwa kukinga maji yasichafuliwe), na kwenda, kupanga foleni na kurudi kusizidi dakika 30. Huduma inayosimamiwa kwa usalama inataka maji yawe nyumbani, yapatikane yanapohitajika na yasiwe na uchafuzi. Bomba lililokauka tangu mwaka jana huhesabiwa "lipo" kwenye orodha nyingi, kwa hiyo kando ya kila namba andika tarehe ya kipimo cha mwisho na aliyekipima. Kipimo kikizeeka, namba ififie yenyewe, mtumiaji asiamulie juu yake bila kujua.