Aliyeungua uso: mrija wa kupumulia uwekwe kisiwani au baada ya kuvuka?

Muuguzi, Kisiwa cha Pate
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mwezi uliopita tulimpokea baharia aliyeunguzwa uso na petroli ya mashine ya boti. Nyusi zilikuwa zimeteketea, puani mna masizi, na sauti imeanza kukwaruza. Maji yalikuwa yamekupwa, Mkanda, mlango mwembamba wa bahari wa kwendea Lamu, haupitiki, nasi tulikuwa na mtungi mmoja tu wa oksijeni. Maji yalipojaa tulimvusha akiwa amekaa, akafika salama, lakini bado najiuliza kama ilitupasa kumlaza kwa dawa na kumwekea mrija wa kupumulia kabla ya kumpakia.

Mtaalamu wa usingizi, Lamu
Waaleikum salaam, dada yangu. Sauti ya kukwaruza ni dalili kwamba koo linavimba, na uvimbe wa moto huendelea kuzidi kwa saa nyingi. Kwa hiyo mrija huwekwa mapema, mradi yupo mwenye ujuzi na vifaa. Pasipo hayo mlifanya sawa, kwa maana mgonjwa anayepumua mwenyewe, ukimpa dawa ya kulegeza misuli kisha mrija ukakataa kupita, umemnyang'anya pumzi aliyokuwa nayo.

Mimi, kabla ya kugusa dawa, huipapasa shingo chini ya kikoromeo, nikatafuta kibonyeo kilichopo kati ya gegedu mbili na kukitia alama ya wino. Kisu, ufito wa kuongozea mrija na mrija namba 6 huwa tayari vimefunguliwa. Mwongozo wa Uingereza wa 2015 uliruhusu majaribio 3 ya kupitisha mrija, na la 4 kwa mwenye uzoefu zaidi. Mrija na barakoa ya oksijeni vyote vikishindwa, koo hutobolewa mara moja pale penye alama, mrija upitishwe hapo. Kung'ang'ania ndiko kunakoua. Mgonjwa mmoja, Elaine Bromiley, alifariki huko Uingereza mwaka 2005 baada ya madaktari kuendelea kujaribu mrija, ilhali muuguzi alikwisha leta vifaa vya kutobolea koo.

Msindikizaji wa wagonjwa, Malindi
Naongeza la oksijeni. Mtungi wa lita 340, ukifunguliwa lita 10 kwa dakika, humalizika kwa dakika 34. Hesabu hiyo ifanywe gatini, kabla nahodha hajang'oa nanga.

Muuguzi, Kisiwa cha Pate
Ahsanteni sana. Je, shingo ikiwa imevimba hata kibonyeo hakipapasiki?

Mtaalamu wa usingizi, Lamu
Hupasuliwa wima katikati, sentimita 8 hadi 10, kisha vidole hutenganisha nyama mpaka gegedu ihisike. Damu itatoka nyingi. Usitegemee macho, fuata kidole.