Natoa povu: nani aliwaambia Ulaya waini ni bei ya maji? Njooni Venice mtafute tamu

Wakuu, leo mniache niseme. Kila aliyewahi kuandika humu kwamba Ulaya waini ni bei ya maji ajitokeze tuongee vizuri. Mimi na mke wangu tumekuja Italia likizo tukiamini maneno yenu, na hapa Venice tunakamuliwa huku tunachekewa.

Hatutaki makubwa. Tunataka waini yenye povu, TAMU, ya bei ambayo mtu haanzi kufikiria ada ya mtoto kabla hajameza. Ile ambayo MC akitangaza kufungua shampeni ukumbini Sinza, bibi harusi, mama mkwe na mashangazi wote wanagonganisha glasi na kunywa bila kukunja ndita. Bongo huihangaikii, J.C. Le Roux kutoka Afrika Kusini ipo kwenye kila grosari inayojiheshimu. Huku kwenye nchi ya mizabibu, ukikaa mgahawa wowote karibu na San Marco, uwanja mkuu wa Venice, unaletewa Prosecco, waini ya povu ya huku, iliyoandikwa Brut, yaani isiyo tamu. Ukimwambia mhudumu unataka tamu, anatikisa kichwa kama kakuelewa, anarudi na Prosecco nyingine iliyoandikwa Extra Dry. Ukali ni ule ule, bei ndiyo imepanda. Glasi moja euro 12! Na ukiletewa bili kuna kitu kinaitwa coperto, yaani umelipia kukaa, pamoja na kikapu cha mkate ambao hukuuomba.

Kuhusu hizo lebo, hapo ndipo uvumilivu uliponiishia. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, Brut lazima iwe na sukari chini ya gramu 12 kwa lita. Extra Dry ni 12 hadi 17. Dry, yaani "kavu", ni 17 hadi 32. Demi-sec inafika 50, na ikizidi hapo ndiyo wanaruhusiwa kuandika Dolce. Maana yake ukiona Dry ukaikimbia, umeikimbia yenye sukari nyingi kuliko Brut uliyoletewa mezani. Nani alikaa kikao akapitisha hili, na alikuwa amekunywa nini? Soda ya kola ina gramu zaidi ya 100 kwa lita, sasa huyu mhudumu anayenihakikishia kwamba gramu zake 15 ni "tamu kidogo" ananionaje?

Na msiniambie nisome nyuma ya chupa. Waini zilizotengenezwa tangu Desemba 2023 zinatakiwa kutaja viambato na kiasi cha sukari, sheria nzuri kabisa, ila wenye viwanda wameruhusiwa kuvificha kwenye kale kamraba ka QR. Mgeni umesimama dukani, laini yako ya nyumbani inakula salio kama mchwa, wifi iko hotelini. Unaskani na nini?

Kinachouma zaidi ni kwamba tamu IPO. Piemonte, upande wa magharibi wa hiyo hiyo kaskazini ya Italia, wanatengeneza Asti kwa zabibu za Moscato Bianco. Wanausimamisha uchachushaji kwa baridi kabla sukari haijaisha yote, ndiyo maana inabaki tamu na kilevi chake kiko kwenye asilimia 7 hivi. Ndugu yake Moscato d'Asti ni mpole zaidi, kama asilimia 5, na povu lake ni dogo. Kuna Brachetto d'Acqui, nyekundu, ambayo mke wangu angeihamia moja kwa moja. Kuna Lambrusco, ila hiyo uangalie iandikwe dolce (tamu) au amabile (tamu kiasi), maana ya secco (kavu) itakukausha koo. Tulipovuka kwenda Mestre, bara, tukaingia supamaketi ya kawaida, Asti tuliikuta rafu ya chini kabisa kwa euro 5 na senti. Chupa nzima! Haifiki hata nusu ya ile glasi ya San Marco.

Nikamuuliza mhudumu mmoja kwa nini haimo kwenye menyu. Akasema tamu ni ya kunywea keki, tena zaidi Krismasi na panettone, mkate wao mtamu wa sikukuu. Sawa, kila nchi na mila zake, lakini mimi ndiye mteja, ni Agosti, na hela ni yangu. Hata humu wapo wanaojifanya wamestaarabika: ukisema unapenda tamu wewe ni mshamba. Haya, Cristal, shampeni ya kampuni ya Roederer, ambayo leo wanaringia nayo klabuni, ilitengenezwa mwaka 1876 kwa ajili ya Tsar, yaani mfalme, Alexander II wa Urusi, na ilikuwa tamu haswa, ndivyo Warusi walivyoipenda. Naye alikuwa mshamba?

Halafu ukishaipata hiyo chupa ya euro 5, unainywea wapi? Kukaa kwenye ngazi za madaraja Venice ukale na kunywa ni faini. Hotelini kwetu kifriji cha chumbani kimejazwa vinywaji vyao, ukitoa kimoja ili upooze chako, kinasomeka kwenye bili. Niliomba ndoo ya barafu nikatajiwa bei yake. Asti ya moto haina raha, tumeipoozea kwenye sinki la bafuni kwa maji ya bomba.

Wiki ijayo tunaingia Barcelona. Wenyeji wa huko nisaidieni: Cava, waini ya povu ya Hispania, iliyoandikwa semi-seco (tamu kiasi) au dulce (tamu) inauzwaje SUPAMAKETI? Bei za migahawa msinipe, nimezichoka. Na mlioko Ujerumani, Sekt, waini yenu ya povu, iliyoandikwa mild (tamu) inapatikana kirahisi, au mpaka uagize? Nasikia kila chupa mnalipa zaidi ya euro moja, kodi iliyoanzishwa 1902 kugharamia manowari za Kaiser, mfalme wao wa zamani. Kaiser mwenyewe hayupo, kodi ipo!

Wale wa "acha pombe mkuu", nawaheshimu, ila uzi huu ruka.