Ukoo wa Bi Zuhura: Salum na minara ya Cairo

Salum: Picha hii nimeipiga jana alasiri juu ya Bab Zuweila. Tazameni minara ilivyojaa mpaka upeo wa macho.

Shangazi Asha: Mashaallah! Umepandaje huko we mtoto?

Salum: Ngazi zimo ndani ya mnara, shangazi. Nyembamba, unazunguka gizani huku unapapasa ukuta.

Ami Haji: Lango la Wafatimiya hilo, watawala wa Misri wa zama hizo, la 1092. Minara imekuja baadaye.

Salum: Naam, ami. Karne ya 15 Sultani al-Muayyad alijenga msikiti wake ubavuni, akaona lango limesimama imara, akalitwika minara yake miwili.

Ami Haji: Akaokoa pesa ya msingi 😂 Huyo sultani angefaa awe mkandarasi.

Mwanaidi: Ndiyo wanauita Mji wa Minara Elfu? Ipo elfu kweli?

Salum: Elfu ya kusifia tu. Utamu wake ni kwamba kila utawala uliacha mtindo wake. Ile miembamba iliyochongoka kule ngomeni ni ya Muhammad Ali, ya Kituruki, karne ya 19. Wa msikiti wa Ibn Tulun ngazi zake zinazunguka kwa nje, kama wa Samarra kule Iraq. Na hapa Azhar, wa Sultani al-Ghuri una vichwa viwili!

Mwanaidi: Bibi yuko nami, anauliza kama upo uliochongoka kutoka chini mpaka juu kama wetu wa Malindi, Unguja.

Salum: Mwambie shikamoo. Sijauona. Mingi ya zamani huku chini mraba, katikati pembe nane, juu duara.

Ami Haji: Msikiti wa Sultan Hasan umefika?

Salum: Nimefika. Walitaka minara minne. Mmoja uliokuwa juu ya mlango ukaanguka 1361. Mwanahistoria al-Maqrizi ameandika kuwa walikufa watu 300 hivi, wengi mayatima wa chuoni pale pale.

Shangazi Asha: Innalillahi. Watoto!

Salum: Hawakuujenga tena. Watu wakasema ni kisirani, na kweli mwezi na siku chache tu sultani naye akauawa.

Mwanaidi: Bibi anasema usipande tena minara, usome.

Shangazi Asha: Na ukipita sokoni Khan el-Khalili niulizie bei ya taa za shaba. Usinunue, uliza tu.

Ami Haji: Salum, hapo ushanunua 😂