Mzinga "unaongezeka" nusu kilo kila saa sita mchana: LM358 na lodiseli ya kilo 50

Mrina_Sikonge:

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wenu.

Nimeweka mzinga mmoja wa boksi juu ya mizani niliyotengeneza mwenyewe, huku Sikonge, Tabora. Nataka kujua siku miombo inapoanza kutoa nekta bila kufungua mzinga kila mara na kuwasumbua nyuki. Lodiseli (kihisi cha uzito) ni ya kilo 50, imeandikwa 2 mV/V, daraja lake la rezista ni la omu 350, naipa volti 5. Logga (kirekodi data) niliyonayo ni ya zamani, inapokea volti 0 hadi 5 tu na inaandika kwenye kadi kila baada ya dakika kumi. Tayari inanisomea joto na mvua, kwa hiyo sitaki kuibadilisha.

Kukuza ishara natumia nusu moja ya LM358 (chipu yenye opampu mbili, yaani vikuza ishara) kama kikuza tofauti: rezista mbili za kilo-omu 1 kwenye viingilio, mbili za kilo-omu 330, zile za kawaida zenye mstari wa dhahabu. Saketi yote inakula volti 5. Hesabu yangu inasema ukuzaji ni mara 330. Lakini nikiweka uzito ninaoujua napata kama 280. Mizani ikiwa tupu inasoma volti 1.1. Ikifika kama kilo 43 inaganda, haipandi tena. Na kubwa kuliko yote: alfajiri nyuzi joto zikiwa 17 inasoma vizuri, mchana zikifika 32 inapanda karibu milivolti 30, yaani nusu kilo, jioni inarudi. Nusu kilo ndiyo hasa ninayoitafuta. Nifanyeje?

Kijana_wa_Saketi:

Mkuu, achana na opampu. Chukua HX711, ni kibao kidogo cha saketi cha bei ndogo, kina kigeuzi cha biti 24 na ukuzaji wa mara 128 humo humo ndani. Unganisha na Arduino (bodi ndogo ya kompyuta), umemaliza.

Mrina_Sikonge:

Asante mkuu, HX711 naijua. Ila inatoa namba za kidijitali na logga yangu inataka volti. Halafu natamani kuelewa kwa nini hii ya sasa inakataa.

FundiMizani:

Kijana wangu, swali lako limenifurahisha kwa sababu umekuja na vipimo. Mimi nimezeeka kwenye mizani za magari ya miwa, lodiseli za tani nyingi, lakini daraja la Wheatstone (zile rezista nne ndani ya lodiseli) ni lilelile. Nikujibu kimojakimoja, maana dalili zako zote zina maelezo.

Kwanza badili kila kitu kiwe kilo. 2 mV/V kwa volti 5 ni milivolti 10 kwa kilo 50, yaani maikrovolti 200 kwa kilo moja. Iandike namba hiyo ubaoni. Kuanzia sasa, ukisoma datashiti (karatasi ya vipimo ya mtengenezaji) ya chipu yoyote, gawanya kwa 200 uone ni kilo ngapi inakudanganya.

Ofseti ya LM358, yaani kosa lake la sifuri pale mlangoni, inaweza kufika milivolti 7. Hizo ni kilo 35 za uongo kabla nyuki hata mmoja hajatua. Kuhama kwake kwa joto ni kama maikrovolti 7 kwa kila nyuzi. Kutoka 17 hadi 32 ni nyuzi 15, kwa hiyo maikrovolti 105. Gawanya kwa 200: nusu kilo. Zidisha kwa ukuzaji wako wa 280: milivolti 29. Ndiyo ile nusu kilo yako ya mchana. Kwa hesabu hii mshukiwa wangu wa kwanza ni chipu.

Ukuzaji kushuka hadi 280: kila waya wa ishara wa daraja una ukinzani wake wa omu 175 ukiutazama kutoka nje, na umeupanga mfululizo na kilo-omu 1 yako. 330 gawanya kwa 1.175 ni 281. Kikuza cha aina hii kinalinyonya daraja, ndiyo maana si kizuri kukiunganisha moja kwa moja.

Kuganda kwenye kilo 43: ukiipa LM358 volti 5, pato lake linaishia karibu volti 3.5. Umeanza na 1.1, nafasi imekwisha mapema.

Liko na la rezista. Waya zote mbili za ishara zimekaa kwenye volti 2.5, wewe unataka tofauti yao tu, ambayo ni milivolti chache. Kikuza tofauti huifuta hiyo 2.5 pale tu rezista zinapolingana. Zako ni za asilimia 5, kwa hiyo hali ikiwa mbaya kabisa kinachovuja kinaweza kufika milivolti 1.8 pale mlangoni, karibu kilo 9. Ungeweza kuitoa kama unavyotoa uzito wa chombo kitupu, sawa, lakini rezista za kaboni nazo hubadilika na joto, na hazibadiliki kwa pamoja.

Kabla hujanunua chochote nataka ufanye jaribio hili. Toa waya wa kijani kwenye kikuza, kisha viingilio vyote viwili viunganishe kwenye waya mweupe. Sasa vinaona volti ileile, tofauti ni sifuri ya kweli. Chochote unachosoma ni cha saketi, si cha mzinga. Iache hivyo alfajiri hadi mchana.

Mrina_Sikonge:

Shikamoo mzee. Nimefanya hivyo. Waya zimeunganishwa pamoja, mzinga hauhusiki kabisa, na bado mchana imepanda milivolti 34. Nikagusa LM358 kwa kidole muda kidogo, namba ikaanza kutembea palepale.

FundiMizani:

Marahaba. Basi mwizi amekamatwa.

Tafuta AD620. Hicho ni kikuza cha vipimo: viingilio vyake havinyonyi daraja, na rezista zinazopaswa kulingana zimo ndani, zimelinganishwa kiwandani. Kuhama kwake hakuzidi maikrovolti 1 kwa nyuzi kwa toleo la kawaida la A. Kwa nyuzi zako 15 ni maikrovolti 15, gramu 75 hali ikiwa mbaya kabisa.

Ukuzaji unauweka kwa rezista moja: kilo-omu 49.4 gawanya kwa rezista hiyo, ongeza 1. Omu 200 zinakupa 248. Kilo 50 zitakuwa volti 2.48.

Hapa ndipo wengi hukwama. AD620 haifiki chini kabisa wala juu kabisa, pato lake linataka zaidi ya volti moja pande zote mbili. Kwa hiyo usiilishe volti 5. Ilishe moja kwa moja kutoka kwenye batri ya volti 12, daraja libaki na volti 5 zake. Kisha pini ya REF (inayoamua sifuri ya pato ianzie volti ngapi) iinue: gawanya zile volti 5 za daraja kwa kilo-omu 10 juu na 4.7 chini, upate volti 1.6. Ila usiunganishe kigawanyo hicho kwenye REF hivyohivyo, ukinzani wake utaharibu ule ulinganifu wa ndani tuliolipia. Kipitishe kwanza kwenye opampu yenye ukuzaji wa 1. Na hiyo opampu ni LM358 yako! Kuhama kwake hapo hakukuzwi, maikrovolti 105 kwenye pato la volti 2 na nusu ni chini ya gramu 3. Mpe kazi anayoiweza.

Pato litatembea kati ya 1.6 na 4.1. Kwa kuwa chipu inakula volti 12, waya wa lodiseli ukikatika pato linaweza kuruka likaua logga. Weka kilo-omu 1 mfululizo na diodi 1N4148 kuelekea kwenye reli ya volti 5.

Kama una chaneli tupu, soma pia volti ya daraja baada ya kuigawa nusu, kisha kwenye kompyuta gawanya usomaji wa uzito kwa huo. 7805, kama ndiyo chipu inayokutolea volti 5, nayo hushuka karibu milivolti 1 kwa nyuzi, na mzinga wa kilo 30 utakuonyesha gramu 90 ambazo hazipo. REF umeitoa kwenye volti hizohizo, kwa hiyo yote yatafutika pamoja.

Bi_Asali:

Samahani kuingilia, saketi siijui vizuri ila mizinga naijua. Kaka, kupanda mchana na kushuka jioni kungenitia shaka hata bila hesabu. Asubuhi nyuki wa kutafuta chakula wakitoka, mzinga hupungua. Hupanda kadiri wanavyorudi na nekta, na jioni ndipo huwa mzito kuliko saa zote. Usiku hupungua tena taratibu, wanapopunga mbawa kukausha nekta. Ukirekebisha mizani uyaone hayo, utajua inasema kweli. Na tafadhali usisawazishe data ya siku nzima ikawa namba moja. Ule upungufu wa usiku hukuonyesha nekta ya leo ilikuwa na maji kiasi gani.

FundiMizani:

Dada, hili ni la thamani kuliko datashiti. Kijana, msikilize.

Naongeza: kabla ya kurudisha mzinga, weka ndoo ya mchanga mkavu iliyofungwa juu ya mizani, palepale porini, mchana na usiku. Mchanga hautoki kwenda kutafuta nekta, kwa hiyo mstari unapaswa kulala. Ukipinda kidogo bado, hiyo sasa ni lodiseli yenyewe. Hakikisha jua haliipigi upande mmoja, kivuli kitakusaidia kuliko chipu ya gharama.

Mrina_Sikonge:

Nashukuru sana, mzee, na wewe dada. AD620 nimeiagiza Dar. Swali la mwisho: omu 200 kamili sijaipata hapa, nina 100 mbili za filamu ya chuma. Na hesabu haitatoka 248 kamili, itakuwa shida?

FundiMizani:

Hizo 100 mbili zipange mfululizo, ni nzuri. Namba kamili usiihangaikie: ukuzaji halisi utaupata kwa kuweka uzito unaoujua. Ninachotaka kwenye rezista hiyo ni itulie joto likibadilika, na filamu ya chuma inatulia. Lete mstari wa ndoo ya mchanga hapa ukiupata, tuuangalie pamoja.